Kubadili injini ya petroli itumie dizeli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na kandokando ya ziwa

Wakuu, haya maswali hayaishi kwenye gereji za huku kwetu, kuanzia Mabatini mpaka Nyakato, na kule mwaloni Kirumba ndo usiseme, kila mwenye mtumbwi wa mashine ya petroli anataka kujua kama haiwezi kupigwa ufundi itumie dizeli apumue kidogo. Nimeyaweka pamoja na majibu yake. Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukiujua: ukitaka dizeli tafuta injini iliyozaliwa dizeli, usiilazimishe ya petroli. Sababu ziko chini, pima mwenyewe.

Nikimwaga tu dizeli kwenye tanki la petroli injini si itawaka?

Haitawaka. Kama kulikuwa na petroli imebaki kwenye kabureta itawaka kidogo, halafu itaanza kukohoa, moshi mweupe mzito, inazima na hairudi tena.

Petroli inaanza kuchemka kwenye nyuzi 30 hivi na inamalizikia kama 200, kwa hiyo hata injini ikiwa ya baridi kuna sehemu ya petroli inageuka mvuke na kuchanganyika na hewa, cheche ya plagi ikipita inashika palepale. Dizeli inaanza kuchemka karibu nyuzi 180 na inamalizikia kama 360, na kabureta haina joto la namna hiyo hata kidogo. Inaingia silinda ikiwa matone, plagi inapiga cheche kwenye matone, hayashiki, plagi inalowa inakuwa nyeusi, mchezo umeisha. Na ile dizeli ambayo haijaungua haipotei, inateleza pembeni ya ringi inashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) inachanganyika na oili. Ukichomoa kijiti cha oili ukaona kiwango kimepanda badala ya kushuka jua ndo hiyo, na oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, inaua beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kimyakimya.

Mbona fundi wangu anasema dizeli inawaka yenyewe bila plagi, tena kirahisi kuliko petroli?

Fundi wako yuko sahihi kabisa, ila kuna nusu hajakumalizia.

Dizeli inajiwasha yenyewe kwenye nyuzi 210 hivi, petroli inahitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukipata hewa ya moto ya kutosha ukaipulizia dizeli kama vumbi la mvua inawaka bila cheche yoyote. Hiyo ndo kazi aliyoifanya Rudolf Diesel, injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilipimwa Augsburg Ujerumani mwaka 1897, na tangu siku hiyo kanuni haijabadilika: ingiza hewa tupu, igandamize mpaka iwe moto sana, halafu piga mafuta dakika ya mwisho.

Sasa moto unatoka wapi? Kwenye kugandamiza, ndo hiyo mafundi wanaita kompresheni. Injini nyingi za petroli zinagandamiza hewa mara 8 mpaka 11, za dizeli mara 14 mpaka 22 au zaidi. Ukipiga hesabu na joto la Mwanza mchana, hewa kwenye injini ya petroli inafika nyuzi 400 hivi, kwenye ya dizeli inafika kati ya 500 na 700. Hapo mtu anauliza, sasa si 400 ni zaidi ya 210, kwa nini isiwake? Swali zuri, na jibu lake ni muda. Kwenye mizunguko 2000 kwa dakika krenki inazunguka mara moja kwa sekunde 0.03 tu, na ile sehemu ya juu ambapo hewa imebanwa vizuri inapita ndani ya milisekunde chache. Kwenye nyuzi 400 dizeli inachelewa kushika, na kuta za silinda zikiwa za baridi zinanyonya joto hilohilo dogo, mpaka mafuta yaamue kuwaka pistoni imeshashuka. Inabidi kuwe na joto la ziada la kutosha ili iwake papo hapo. Na sisi huku ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kama asilimia 12 kuliko ya Dar au Tanga, injini ya dizeli ikiwa na kompresheni ya kubahatisha huku ndo inagoma kabisa asubuhi.

Kingine ambacho watu wanasahau, injini ya petroli ina kile kipepeo cha kubana hewa. Ukiachia mafuta inabana, silinda inapata hewa kidogo, kompresheni inashuka tena. Dizeli ya kawaida haina kipepeo, inavuta hewa kamili muda wote, nguvu inaongezwa na kupunguzwa na kiasi cha mafuta tu.

Basi nikipunguza silinda hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda) kompresheni ikapanda?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote maana linajibika kwa kalamu.

Chukua 3S ya Toyota, ile ya lita 2 iliyojaa kwenye Noah na RAV4 za zamani. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 86 na pistoni inatembea milimita 86, kwa hiyo kila silinda ni sisi 500 (cc, yaani sentimita za ujazo). Kompresheni yake tuseme 9.5 kwa 1, maana yake nafasi inayobaki juu pistoni ikifika mwisho ni sisi 59 hivi. Ukitaka 20 kwa 1 hiyo nafasi inatakiwa iwe sisi 26. Unatakiwa uondoe sisi 33. Ukigawa kwa eneo la silinda unapata unatakiwa ukereze hedi karibu milimita 5 na nusu. Mafundi wa kukereza wanajua hedi huwa inapunguzwa sehemu ndogo sana ya milimita, ile ya kunyoosha tu iliyopinda. Ukikata milimita tano unaingia kwenye njia za maji, vali zinagonga pistoni na mkanda wa taimingi haukai sawa. Haiwezekani, sio kwamba ni ngumu.

Unaweza kutengeneza pistoni nyingine zenye kichwa kirefu, sawa, lakini hapo unakutana na swali linalofuata.

Injini ya petroli itahimili?

Kwa muda mfupi labda. Presha ya juu kabisa ndani ya silinda ya petroli isiyo na tabo (tabochaja, kile kipuliza hewa) ni kama baa 50, ya dizeli isiyo na tabo ni 80 au zaidi, zenye tabo zinavuka 150. Kwenye pistoni ya milimita 86 baa 50 ni sawa na kuikalisha mzigo wa tani tatu pungufu kidogo, baa 80 ni karibu tani tano, na inakuja kama kipigo kwa sababu dizeli inawaka kwa ghafla. Huo mzigo unashuka kwenye konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki), unakwenda kwenye beringi, krenki, bloku, na unarudi juu kwenye boliti za hedi. Ndo maana ukishika pistoni ya dizeli na ya petroli za ukubwa mmoja unaona tofauti mkononi, pini ni nene, konrodi nene, bloku nzito.

Lakini kuna kampuni zilishafanya hivyo, au sio?

Ndio, na hapa kuna mafunzo mawili yanayopingana.

Volkswagen mwaka 1976 walitoa Golf ya dizeli ya lita 1.5, injini iliyotoka kwenye ukoo wa injini yao ya petroli, na ilikuwa nzuri kweli, ilidumu, ikasambaa dunia nzima. Ila waliifanyia kazi kiwandani, hedi mpya yenye vyumba vyake vya kuchomea mafuta, pistoni mpya, pampu, kompresheni ikapandishwa mpaka 23.5 kwa 1. Kilichobaki cha petroli ni umbo na vipimo.

Upande wa pili kuna Oldsmobile wa Marekani, V8 ya dizeli ya lita 5.7 iliyouzwa kuanzia magari ya mwaka 1978 mpaka 1985. Bloku waliiongeza nguvu kweli, lakini mpangilio wa boliti za hedi waliuacha uleule wa petroli ili mashine za kiwandani zisibadilishwe. Kompresheni 22.5 kwa 1. Boliti zikawa zinavutika, gasketi zinaungua, maji yanaingia silinda, na mfumo wa mafuta haukuwa na chujio la kutenganisha maji kwa hiyo pampu nazo zikafa. Wamarekani wengi wakaichukia dizeli kwenye magari madogo kwa miaka mingi kwa sababu ya hizo. Ile ilikuwa kampuni yenye maabara na mainjinia, halafu boliti tu zikawashinda. Sisi tunataka kufanya chini ya mwembe na mashine moja ya kukereza.

Haiwezekani kuacha plagi ibaki, ila dizeli ipulizwe moja kwa moja ndani?

Inawezekana! Na watu wengi hawajui kwamba ilishafanyika zamani sana. Kulikuwa na Mswidi anaitwa Jonas Hesselman, mwaka 1925 alileta injini yenye kompresheni ya chini kama ya petroli, lakini mafuta mazito yanapulizwa na pampu moja kwa moja ndani ya silinda mwishoni kabisa, halafu plagi inayawasha. Miaka ya 1930 Volvo na Scania-Vabis walizitumia kwenye malori. Unaiwasha kwa petroli, ikishapata moto unahamia kwenye mafuta mazito. Shida zake ni zilezile unazoweza kuzikisia: injini ikifanya kazi bila kupata moto vizuri mafuta hayaungui yote, moshi, plagi zinachafuka. Dizeli za kweli zilipokuwa nzuri Hesselman akaachwa.

Wazo hilohilo limerudi siku hizi kwa wanajeshi. Jeshi linataka mafuta ya aina moja kwa kila kitu, petroli kwenye meli ni hatari, kwa hiyo wakatengenezewa mashine za boti za tu-stroki (za mapigo mawili) zenye plagi ila zinapulizia mafuta ndani kwa kompyuta, zikiwemo Evinrude ya hozipawa 55 na Mercury Optimax ya dizeli ya hozipawa 175. Zinafanya kazi, ila ni mfumo mzima uliobuniwa kwa ajili hiyo, sindano za mafuta za bei mbaya, kompyuta, joto linalopimwa kila sekunde. Ukisikia mtu anakwambia "mbona wazungu wana mashine ya plagi inatumia dizeli" mwambie ndio, wanayo, na sio ile Yamaha Enduro ya mtumbwi wako iliyofunguliwa kabureta.

Mafuta ya taa je? Mbona wavuvi wengine wanachanganya na inakwenda?

Inakwenda, ndo ubaya wake, ingekuwa inagoma palepale watu wasingepoteza mashine.

Mafuta ya taa yapo katikati, mepesi kuliko dizeli na mazito kuliko petroli, kwa hiyo injini yenye moto inaweza kuyameza. Wakulima wa Uingereza walilima miaka mingi na trekta zinazotumia mafuta jamii ya hayo, trekta za Ferguson zilikuwa na toleo lake, unawasha kwa petroli, injini ikichemka unageuza koki. Lakini kompresheni yake ilikuwa chini sana, kama 4.5 kwa 1, na mabomba ya kuingizia hewa yalipashwa moto na ekzosi makusudi. Yamaha nao wanatengeneza mashine za mtumbwi za mafuta ya taa, zinatoka kiwandani hivyo na kompresheni imeshushwa.

Ukichukua mashine ya petroli ya kawaida ukachanganya, yale mafuta yanawaka kabla ya wakati wake, unasikia inagonga, tiki tiki tiki ukiipa mzigo, na kila mgongano unapiga kichwa cha pistoni kwa joto. Pistoni inatoboka au kingo zake zinayeyuka. Upepo wa jioni ukiwa umeanza na wewe uko katikati ya Ukerewe na Ukara, hapo hela uliyookoa sheli haina thamani yoyote. Ziwani hakuna pembeni pa kupaki. Hili nalisema kwa uchungu maana kule kuna baba za watu, kuna vijana wa miaka kumi na tisa wanaopelekwa na mashine iliyochakachuliwa na tajiri aliyebaki amelala mjini.

Na kihela chenyewe siku hizi hakipo. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa makusudi kuua uchakachuaji, angalia bei ya mwezi huu ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, ujionee kama kuna faida.

Dizeli ina ulaini wa oili, kwa hiyo kwenye tu-stroki si naokoa na oili ya kuchanganyia?

Hapana hapana hapana. Hii imeua mashine nyingi. Dizeli ukiishika inateleza, sawa, lakini unato wake ukipimwa kwenye nyuzi 40 ni sehemu ndogo sana ya unato wa oili, oili ya injini ya kawaida inanata zaidi ya mara ishirini. Kwenye joto la silinda dizeli haiwezi kushika utando kati ya pistoni na ukuta. Beringi za krenki za tu-stroki zinategemea ile oili tu iliyo ndani ya mafuta, hakuna sampu, hakuna pampu ya oili. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako, nyingi ni lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili ikishazoea, na oili iwe ya tu-stroki za majini, sio ile ya kupima kwa kijiko dukani huijui imetoka wapi.

Sawa, nimekuelewa. Gari langu la petroli nataka liwe dizeli, nafanyaje?

Badilisha injini nzima. Hii kazi mafundi wa hapa wanaiweza na wameifanya sana, hasa kwenye Hiace, kwa sababu Toyota wenyewe walitoa bodi ileile na injini za petroli za 1RZ na 2RZ na za dizeli za 2L, 3L na 5L, kwa hiyo maunti (vishikizo vya injini), gia boksi na vitu vingi vipo vya kiwandani, hubuni chochote. Hilo ndo la kuuliza kwanza: je gari hili lilitoka kiwandani na toleo la dizeli? Kama jibu ni hapana, fikiria kuliuza ununue la dizeli, kiukweli inatoka nafuu.

Ukinunua injini iliyotumika nunua na gia boksi yake, stata, altaneta, waya zake, na pampu yake ya dizeli ikiwa haijafunguliwa. Tanki la petroli lisafishwe kabisa, kuwe na bomba la kurudisha mafuta, chujio lenye kikombe cha kutega maji, betri kubwa zaidi maana kuzungusha kompresheni ya 20 kwa 1 sio mchezo, na plagi za joto zenye rilei yake. Halafu breki, hili watu wanalisahau: injini ya petroli inatoa mvuto wa breki bure kwenye bomba la hewa, dizeli haina huo mvuto kwa sababu haina kipepeo, inahitaji pampu ya vakyumu na nyingi zimefungwa nyuma ya altaneta. Ukifunga altaneta ya petroli kwenye dizeli kwa kubana matumizi, utashuka mlima ukigundua breki ni ngumu kama jiwe. Dizeli pia ni nzito, angalia springi za mbele.

Kabla hujalipa pima kompresheni. Ya petroli ikiwa nzima inasoma kama 120 mpaka 180 kwa kipimo cha pi-esi-ai, ya dizeli unatafuta 350 mpaka 450 na silinda zote zikaribiane. Kipimo cha petroli usikifunge kwenye dizeli, kitapasuka mkononi. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwaka, ikipuliza moshi kama bomba ringi zimechoka. Moshi mweupe asubuhi usiokata, moshi wa bluu, achana nayo.

Makaratasi usiyaruke. Kadi ya gari ina namba ya injini na aina ya mafuta, ukibadili nenda TRA zirekebishwe, la sivyo siku ya kuuza au ya ajali na bima ndo utajua.

Mtumbwi wangu una mashine ya petroli ya kupachika nyuma, dizeli yake ipo?

Zipo. Yanmar walikuwa na D27 na D36, baadaye zikaja za OXE wa Swideni na Cox wa Uingereza, lakini hizo za karibuni ni kubwa, nzito na bei yake sio ya mvuvi wa dagaa. Kwa huku kwetu kinachofanya kazi ni dizeli ya ndani, ile ya silinda moja ya Kichina inayolala, S195 na ndugu zake, hiyohiyo unayoiona kwenye mashine za kusaga. S195 ni hozipawa 12 kwa mizunguko 2000, ina uzito wa kilo 140 na ushee. Inafaa chombo kipana cha mbao kinachobeba mzigo na hakina haraka. Mtumbwi mwembamba wa kukimbia na nyavu usiuwekee, utazama kwa nyuma na spidi hupati.

Faida yake ukiwa na chombo kinachofaa ni kubwa kweli. S195 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakunywa lita 2 na nusu hivi za dizeli kwa saa. Tu-stroki ya kabureta ikitoa nguvu hiyohiyo inakunywa petroli kama mara mbili yake, na juu yake oili. Halafu usalama, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini kwenye sakafu ya chombo unasubiri cheche, na petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali ya chini ya sifuri. Dizeli mpaka ipashwe ivuke nyuzi 50 ndo mvuke wake unashika moto.

Shimo la shafti, stafin boksi (kizuia maji kwenye shafti), egemeo la injini, vyote vifanywe na fundi boti anayejua, na chombo kikaguliwe tena, TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, ndo wenye kazi hiyo. Uzito mpya unabadili namna chombo kinavyokaa kwenye maji.

Pampu ya kumwagilia na jenereta?

Hapa ni rahisi. Toa injini ya petroli funga injini ya dizeli ya kupoozwa na hewa, 178F ni kama hozipawa 6, 186F inakaribia 10. Pima kwanza kipenyo cha shafti na mashimo ya kufungia, na mizunguko ifanane. Mwenye bustani ya nyanya Magu anayemwagilia saa nyingi kila siku itamlipa. Mwenye kajenereta ka kuwasha taa umeme ukikatika, abaki na petroli yake.

Kwa hiyo inalipa au hailipi?

Inategemea masaa. Zamani dizeli ilikuwa rahisi watu wakabaki na hiyo picha kichwani, siku hizi bei zinakaribiana na kuna miezi dizeli imekuwa juu ya petroli. EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, chukua ya wilaya yako sio ya Dar. Faida ya dizeli iko kwenye lita unazotumia, sio kwenye bei ya lita. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya petroli kwa asilimia 10 hivi, na injini yake inaitumia vizuri zaidi. Andika lita unazochoma kwa wiki, toa theluthi moja, zidisha kwa bei, uone itachukua miezi mingapi kurudisha hela ya injini na ufundi. Ikizidi miaka miwili mimi binafsi ningeacha.

Gesi je?

Kama shida yako ni bei ya petroli tu, injini yenye plagi inapenda gesi kuliko dizeli. Gesi asilia inahimili kompresheni bila kugonga, plagi inabaki, unaongeza mfumo wa gesi basi. Ila vituo vingi viko Dar na Pwani huko. Jenereta za gesi ya kupikia zinafungika hata huku.

Wameniwekea dizeli kimakosa sheli kwenye gari la petroli, nifanyeje?

Usiwashe, hata ufunguo usigeuze maana pampu ya umeme kwenye tanki inaanza kusukuma. Lisukumwe pembeni, tanki limwagwe lote, weka petroli safi. Kama ulishawasha likazima, ongeza kusafisha reli ya mafuta na sindano, badili filta, toa plagi zikaushwe au ubadili, na oili mwaga kabisa weka mpya. Mara nyingi linapona.

Kinyume chake, petroli kwenye dizeli, ni hatari zaidi. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe, petroli ni kavu, vyuma vinasagana na vumbi lake linaenda mpaka kwenye nozeli. Wengine wanasema ukiweka petroli kidogo inasafisha nozeli, usikubali.

Naweza kujifunzia hii kazi nyumbani?

Kutoa upepo kwenye mfumo, kubadili filta, kumwaga maji kwenye kikombe cha chujio, fanya mwenyewe, na mvuvi wa dizeli anatakiwa ayaweze hayo usiku bila taa. Maji yanaingia sana kwenye madumu yetu, kwa hiyo acha dumu litulie, mimina kupitia chujio, ile ya chini kabisa usimimine.

Nozeli na pampu mpelekee mwenye mashine ya kupimia. Nozeli za zamani zinapuliza kwa baa 120 mpaka 200, za kisasa zinafika 2000. Usiweke kidole kamwe kuangalia kama inapuliza. Ile presha inatoboa ngozi na kuingiza dizeli ndani ya nyama, unaona kijitundu kidogo tu hakiumi sana, baada ya saa chache mkono unavimba na kuanza kuoza. Ikimtokea mtu asisubiri kesho wala asipake kitu, akimbizwe hospitali kubwa saa hiyohiyo, Bugando kwa walio mjini, na amwambie daktari wazi kwamba ni dizeli ya presha imeingia, maana kwa kuangalia kidonda peke yake daktari anaweza kukichukulia poa.